Madirisha ya Nyumba Yako ya Luton

Leicester, Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Picha zako nimezipata, nikazikuza kwenye simu moja baada ya nyingine. Umeuliza kama ununue mashine ya kupulizia rangi, madirisha ya plastiki uyageuze mwenyewe yawe ya kijivu nzito sikukuu ya Pasaka, au umpe fundi. Mkeo anataka fundi. Wewe unaona fundi anadai pesa nyingi kwa kazi ya siku mbili. Kazi ya kupuliza rangi ndiyo iliyonilisha tangu gereji za Gerezani mpaka nyumba za hapa Uingereza, kwa hiyo nivumilie nikikujibu kwa kirefu.

Ya mbele na ya ghorofani mpe fundi. Mlango wa nyuma na dirisha la banda la bustani fanya mwenyewe, na uvifanye kwanza, kabla fundi hajaja. Lakini kabla ya hayo yote, osha.

Nasema osha kwa sababu kwenye zile picha sijaona fremu iliyochakaa. Nimeona uchafu. Moshi wa magari huganda juu ya plastiki ukawa utando wa kijivu-manjano, na pembeni, pale mpira unapokutana na kioo, kuna ukijani wa mwani. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuondolea mafuta, ile wanayouza maduka yote ya vifaa vya ujenzi, usugue dirisha moja tu la jikoni kwa kitambaa laini. Liache likauke, ulitazame mchana. Nimewaona wenye nyumba wakifuta wazo la rangi baada ya dirisha moja tu kuoshwa. Likibaki na manjano hata baada ya hapo, basi jua limeshaila plastiki, na rangi ina sababu.

Angalia pia kati ya vioo viwili. Dirisha la chumba cha watoto nimeona lina ukungu ndani, kati ya kioo na kioo. Hapo muhuri umekufa, na hakuna rangi itakayoutibu. Badilisha kioo kwanza, na bawaba zinazolegea, na mipira iliyokauka ikapasuka. Anayekupigia rangi juu ya dirisha bovu anakuachia dirisha bovu la rangi mpya.

Sasa nikueleze kwa nini plastiki hii ni ngumu kwa rangi. Ni PVC iliyotengenezwa bila vilainishi, ndiyo maana ni kavu na imara, tofauti na mpira wa kumwagilia bustani. Weupe wake ni unga wa titani uliochanganywa ndani ya plastiki yenyewe, na ndio unaoikinga na jua. Ubao hunywa rangi, na ukuta hunywa. Plastiki hii haina pa kunywea. Rangi inashika juu tu, na chochote kilichobaki kati yake na plastiki ndicho kitakachoibandua.

Adui mkubwa ni silikoni. Aliyekuuzia nyumba huenda alikuwa akizing'arisha fremu kwa polishi ya dukani, na polishi nyingi zina silikoni. Kwa macho huioni. Unapuliza mkono wa kwanza, rangi inalala vizuri, halafu mbele yako inaanza kujivuta na kufungua vishimo vya duara, vidogo kuliko punje ya mtama, na chini ya kila kimoja weupe wa fremu unachungulia. Ukiongeza rangi, vishimo vinapanuka. Hapo dawa ni kusimama, kufuta yote na kuanza upya. Ndiyo sababu fundi mzuri muda wake mwingi hana bunduki ya rangi mkononi. Anaosha, anafuta kwa spiriti ya isopropili akibadilisha kitambaa kila mara, anasugua kwa pedi ya kijivu mpaka mng'ao ufe, anafuta tena. Asetoni usiiguse, inalainisha PVC. Halafu anafunika: kioo, mipira, vitasa, bawaba, tofali, kizingiti, na vile vitundu vya chini vya kutolea maji ambavyo watu huviziba kwa rangi bila kujua, maji yakabaki ndani ya fremu.

Kupuliza kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa kila dirisha. Mkono unakwenda sambamba na fremu, umbali wa sentimita 15 hadi 20, unaanza kubonyeza kabla hujafika na unaachia ukishapita, na kila mstari unafunika nusu ya ule uliotangulia. Mikono miwili au mitatu myepesi ya rangi. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito atazikuta asubuhi rangi zimeteremka na kuganda kwenye kona. Haya unaweza kujifunza, nakujua una mkono mtulivu. Ila ujifunzie kwenye banda, si kwenye dirisha la sebuleni linalotazama barabara.

Pasaka siipendi kwa kazi hii. Mchana Luton unaweza kuwa na jua la kupendeza, lakini jioni plastiki inapoa haraka na umande unashuka juu ya rangi ambayo haijakauka. Rangi nyingi za kazi hii hazitaki baridi chini ya nyuzi 10, na fremu yenyewe iwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Subiri mwishoni mwa Mei au Juni, siku isiyo na upepo. Upepo nakuonya kwa nguvu kabisa. Vumbi la rangi linasafiri, na gari la jirani yako jeusi linalala mita chache kutoka dirisha lako. Fundi kwa kawaida ana bima ya madhara kwa watu wengine. Wewe huna.

Kuhusu rangi yenyewe, najua ile kijivu nzito, RAL 7016, imejaa mtaa mzima na mkeo ameipenda. Lakini fahamu plastiki hii inavyotanuka. Kila mita hurefuka karibu milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo fremu ya mita 2 inayotoka kwenye baridi ya sifuri hadi nyuzi 40 inarefuka zaidi ya milimita 5. Kioo hakifiki hata robo ya hapo. Rangi nzito hunywa jua, na upande wako wa nyuma unaelekea kusini. PVC huanza kulegea inapokaribia nyuzi 80. Madirisha yanayotoka kiwandani yakiwa ya rangi nzito kwa kawaida huongezewa vyuma ndani, na ya kwako yalitengenezwa kuwa meupe. Kwa hiyo upande wa kusini ama mchague kijivu chepesi, ama fundi athibitishe kwa maandishi kwamba rangi yake ina chembe za kurudisha joto la jua. Mimi ningechagua chepesi.

Halafu kuna hili, na hapa sikushauri bali nakukataza kama mjomba wako. Usinunue rangi ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuigandisha, ukaipuliza nyumbani. Hadna hiyo ina isosianeti. Idara ya afya na usalama kazini ya hapa, HSE, inasema wapuliza rangi za magari wanaotumia rangi za namna hiyo wana hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi wa kawaida. Barakoa ya vumbi haizuii, na harufu haikuonyi mapema. Wenye kazi yao huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nimefanya kazi na watu waliopata pumu hiyo, na wenzangu hao hawawezi tena hata kupita karibu na gereji. Mwanao wa pili tayari anatumia pampu ya kifua. Kwa mlango wa nyuma kuna rangi za maji zinazoandikwa kwenye kopo kwamba zinafaa PVC, unaweza hata kutumia brashi nzuri. Hiyo inakutosha.

Ghorofani pia usipande. Kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua watu wengi zaidi kazini nchi hii, na hao ni watu wa kazi hiyo. Kwenye ngazi mkono mmoja umeshika bunduki, mwingine bomba, na wa kushikilia ngazi haupo.

Akija fundi, usimuulize habari za mashine yake. Muulize anaosha kwa kitu gani, na mara ngapi. Muulize jina la rangi na ukaisome karatasi yake. Mwambie akuonyeshe nyumba aliyoipiga ambayo imeshapita majira mawili ya baridi, uende mwenyewe, ukwaruze kidogo kwa ukucha karibu na bawaba. Mwache apige kipande cha ndani ya ukingo wa dirisha linalofunguka, pasipoonekana likifungwa. Baada ya wiki chora mikato midogo ya mraba kwa wembe, bandika tepu kali, uivute kwa ghafla. Rangi ikija na tepu, mshukuru na muagane. Dhamana iandikwe inahusu nini: kubanduka, kupauka, au vyote viwili. Na usimpe pesa zote kabla.

Shemeji yako, ambaye umesema naye anataka kupaka madirisha ya flati yake, mwambie asome mkataba wake wa upangaji wa muda mrefu kwanza. Mara nyingi fremu za nje ni mali ya mwenye jengo, na asipoomba idhini anaweza kulazimishwa kuzirudisha zilivyokuwa kwa gharama yake.

Nitakuja Luton Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuoshe lile dirisha la jikoni pamoja na tulitazame vizuri. Usilipe amana kwa mtu yeyote mpaka hapo. Nunua spiriti na pedi za kijivu, vitambaa nitakuja navyo mimi.

Nisalimie mkeo, na watoto wabusu.

Wabillahi tawfiq,
Mjomba wako