Diploma Haiko Kartasi Tu



Mwaka uliopita mama mudogo wangu alipata uvimbe katika ziwa. Munganga akakata kipande cha nyama ili kipelekwe mujini, kiangaliwe kwa mikroskopi. Mutu aliyekipokea hakusomea kazi ya laboratwari; alizoea kusaidia tu. Akakitia katika chupa ya maji. Kisha siku tatu njiani, jibu likarudi: nyama imeoza, haisomeki.

Kwa mara ya pili tulimupeleka mujini penyewe. Papa mumoja, fundi wa laboratwari, akanionyesha kazi yake. Nyama ikitoka mwilini inaanza kuharibika palepale, ndiyo maana wanaitia katika formoli ya 10%, mara kumi kupita ukubwa wa kipande. Kisha alkoli, kutoka ile zaifu mupaka ile kali, ili maji yatoke. Kisha ksileni, kisha parafini ya moto. Ikigandamana anaikata na mikrotomi, vipande vya mikroni 4 hivi: elfu ine zinafika milimita 16! Mwisho rangi mbili: ematoksilini kwa kiini cha seli, eozini kwa sehemu ingine. Munganga ndiye anasoma, lakini anasoma kile fundi alichotayarisha.

Yeye alisoma ISTM miaka 3, akafanya staji, akapimwa mbele ya walimu kwa mikono yake mwenyewe.

Akaniuliza: «Kijana, wewe uko wa biokimia. Formoli ya 10% naichanganya namna gani?»

Nikanyamaza. Kumbe katika ekzameni, ulizo kama lile nililijibu vizuri, nikapata 16 kwa 20. Lakini nilikopia kwa jirani.

Papa hakunicheka. Akasema: «Sehemu 1 ya formoli kali, sehemu 9 za maji.»

Jibu la mama mudogo lilikuwa kansa. Sasa anatunzwa, na tunamuombea. Lakini miezi mbili ilipotea, hakuna atakayeirudisha.

Niliporudi nilikwenda kwa mwalimu wa kemia, nikamwambia yote. Alifuta zile alama, na mimi nikaanza somo upya.

Wenzangu, tunafikiri kukopia ni kuiba alama tu. Siku moja mutu atatuletea chupa, na ndani yake iko nyama ya mama wa mutu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Biokimia