Povu la Kichupa Cheusi

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita Sigalagala, mahali palipovuma kwa sababu ya chuo cha kitaifa cha ufundi kilichopo hapo. Katika vituo vya barabarani kama hiki, wanafunzi na wenyeji hununua dawa katika maduka yale yale, na kichupa cheusi cha peroksidi ya hidrojeni hakikosi rafuni. Nduguye mwenye nguvu zaidi hukaa saluni kwa msusi, akingoja nywele za kupaushwa.

Kwa macho, kimiminika hicho ni maji tu. Tofauti imo ndani: molekuli ya maji ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, ilhali hii ina mbili za oksijeni. Atomu hiyo ya ziada haitulii. Mwanga na joto huitoa, ndiyo sababu chupa hutiwa rangi ya giza. Mfaransa Louis Jacques Thénard ndiye aliyeitenga mwaka 1818, lakini maumbile yalimtangulia. Chembe nyeupe za damu huitengeneza ili ziue bakteria. Asali nayo huizalisha inapochanganyika na majimaji. Wazee waliopaka asali kidondani, basi, walikuwa wakiitumia pasipo kulijua jina lake.

Tatizo liko katika povu. Mtoto aangukapo changaraweni akachubuka goti, mama humimina dawa, povu jeupe likachemka, na wote wakaridhika kwamba viini vinateketea. Ama kwa hakika vipo vinavyokufa. Hata hivyo, povu lenyewe si ushahidi wa uchafu. Damu na nyama ya mtu zina kimeng'enya kiitwacho katalasi, ambacho huivunja peroksidi papo hapo ikawa maji na gesi ya oksijeni. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kutia kipande cha ini katika neli ya maabara ameliona povu lilo hilo, na ini lile lilikuwa safi. Kiazi kibichi nacho hutoa povu. Kwa hiyo kidonda kisafi kitachemka vilevile, na kila kinapomiminiwa, chembe changa zinazojaribu kukiziba huunguzwa pamoja na bakteria. Kwa mchubuko wa kawaida, maji safi yanayotiririka na sabuni yanafaa zaidi. Katika kidonda chenye shimo refu hatari huzidi, kwa kuwa gesi iliyokosa njia ya kutokea yaweza kuingia mishipani.

La pili ni tarakimu. Chupa ya duka la dawa kwa kawaida huwa ya asilimia 3. Ile ya saluni huandikwa 20, 30 au 40, na hizo si asilimia kamwe! Ishirini maana yake ni kwamba lita moja ya kimiminika itatoa lita 20 za oksijeni, jambo linalolingana na takribani asilimia 6. Arobaini ni kama asilimia 12. Ile ya viwandani, ya asilimia 35, huunguza ngozi, na akiinywa mtu humchoma koo na tumbo. Kinyume chake, kitakasa mikono kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kina asilimia 0.125 pekee, ya kuua mbegu za bakteria zilizomo katika mchanganyiko wenyewe.

Maelezo haya yote aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na kwa herufi ndogo mno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. TUKI nayo ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Istilahi si haba, ijapokuwa wengine huandika hidrojeni na wengine haidrojeni, mzozo ambao haujamuunguza mtu. Anayeungua ni msusi mwanagenzi aliyekabidhiwa chupa ya 40 bila kuambiwa maana ya arobaini. Maneno yanayohitajika kwenye kibandiko chake hayazidi mstari mmoja: nguvu ni asilimia 12, isiguse macho, isitiwe kidondani.