Maradhi ya Mashine ya Boti

Mkondo ulio kati ya kisiwa cha Pemba na pwani ya Tanga una kina kinachopita mita 700 mahali pengine. Chombo kikiharibikiwa huko, nanga haifiki chini. Maji hukichukua kwenda kaskazini, na wakati wa kusi nguvu yake huzidi. Jahazi la zamani lilikuwa na tanga. Boti ya mashine aghalabu haina. Kwa sababu hiyo nahodha wa Kojani au Wete ajuaye kutambua maradhi ya mashine yake ana akiba iliyo bora kuliko dumu la pili la mafuta.

Neno maradhi latumika hapa kwa haki. Fundi, kama tabibu, huanza kwa dalili, na dalili hudanganya. Mtetemo ni mmoja, lakini asili zake ni mbili. Waweza kutoka chini ya maji, katika propela, ambayo kamusi huiita rafadha, neno zuri linalostahili kusikika zaidi; au waweza kutoka juu, katika vali na vyuma vinavyozisukuma. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Gia hutolewa, mashine ikaachwa ingurume bure. Mtetemo ukikoma, lawama aghalabu ni ya propela au shafti yake; ukibaki, umo ndani ya mashine.

Mashine ikivuma kwa kasi na boti isisogee, yafaa kutazamwa pini ya propela, au mpira ulio kitovuni mwake. Vitu hivi vimefanywa dhaifu kwa makusudi, ili propela ikigonga mwamba kivunjike cha bei ndogo, gia isalimike. Basi kutia kipande cha msumari mgumu mahali pa pini ni hila mbaya. Adui mwingine ni mshipi wa nailoni: hujizonga katika shafti, hukata sili, maji huingia katika mafuta ya gia, nayo hugeuka rangi ya maziwa.

Upande wa vali mambo ni ya siri zaidi. Mashine ndogo za mipigo miwili hazina vali za namna hii; za mipigo minne na za dizeli ndizo zilizo nazo. Kati ya vali na chuma kiisukumacho huachwa nafasi ndogo, pengine sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, kwa kuwa chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi ikizidi, husikika kugongagonga, na mwenye boti hunung'unika. Ikipungua, mashine hutulia vizuri, na hapo ndipo penye hatari: vali haifungi sawasawa, moto hupenya na kuila, mgandamizo hupotea, na asubuhi moja mashine haiwaki. Fundi mwenye pupa hukaza mpaka kelele iishe, akasifiwa. Nafasi hiyo hupimwa mashine ikiwa baridi, vali za silinda zikiwa zimefungwa, kwa kadiri iliyoandikwa na waundaji wake.

Tena pande hizi mbili hukutana. Propela iliyo kubwa mno huilemea mashine. Ya dizeli hutoa moshi mweusi, joto hupanda, na vali za kutolea moshi huungua. Anayebadili vali na kuiacha propela ile ile atazibadili tena. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla hajashika spana, huuliza kwanza propela ilibadilishwa lini, na boti ilipakiwa shehena gani.