Kunyoosha Pete ya Ngoma

Ngoma kuukuu ya bendi ya chuo chetu ilikaa stoo miaka mingi kwa kuwa pete yake ya shaba njano ilikuwa imepinda. Pete ikipinda, kiwambo hukazika upande mmoja na kulegea upande wa pili. Sauti hutoka kama ya debe. Pete nyingine ya namna ile hatukuiona dukani. Tungeivunja, ngoma ingekuwa imekufa.

Tuliiwambua, kisha pete tukailaza juu ya kioo kinene cha meza. Ilipobonyezwa huku, iliinuka kule; hapo tukatia alama ya chaki. Tukapima na kipenyo mara nne, kwa maana pete yaweza kulala sawasawa na bado isiwe duara. Inchi 14 zilipatikana njia moja tu.

Shaba njano haitaki ubishi: kila ikipindwa na kupinduliwa huzidi ugumu, mwishowe hupasuka. Basi tuliikunja kwa mikono, kidogo kidogo, tukiirudisha kiooni kila mara. Nyundo ilikuwa ya mbao, nayo tuliigusa mara mbili tu. (Wapo wanaonyoosha pete kwa kukaza skrubu; hao huipinda zaidi.)

Mwanachuo mmoja akatuuliza: “Mwalimu, imenyooshwa au imenyooka?” Tukamjibu kuwa imenyooshwa, kunyooka tungekujua baadaye.

Siku ya tatu skrubu zilikazwa mbili mbili, kila moja na iliyoielekea. Kipenyo kimoja kilikuwa bado kimepungua unywele. Kiwambo kikaitika, na mwanachuo yule akaandika ubaoni: imenyooka.