Nyeupe au Njano?

Wasomaji wangu mmezoea kukuta hapa hoja za bajeti, uwajibikaji na mustakabali wa vyuo vyetu. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya balbu. Kilichonisukuma ni mama yangu mzazi, na kosa nililolitenda nyumbani kwangu kwa nia njema kabisa. Kosa ambalo baadaye nilitambua kwamba nilikwisha kulitenda kazini pia, tena kwa kalamu na sahihi yangu.

Mwaka juzi mama alihamia kwetu Dar es Salaam kutoka kijijini, Nyanda za Juu Kusini, baada ya macho yake kuanza kuingia ukungu. Daktari alitueleza kwamba ni mtoto wa jicho na kwamba angefanyiwa upasuaji zamu yake ikifika. Mimi nikaona wajibu wangu wa kwanza ni kumwongezea mwanga. Nikaenda Kariakoo, katika duka la vifaa vya umeme, na muuzaji akaniuliza swali moja tu: “Nyeupe au njano, mwalimu?” Nikajibu papo hapo: nyeupe. Nani anunue njano zama hizi? Nikabeba balbu 12 za aina moja, nikazifunga sebuleni, jikoni, vyumbani, kwenye korido na hata msalani. Usiku ule nyumba yetu iling'aa kuliko zote mtaani, nami nikajiona mtoto mwema.

Haikupita wiki mama akaacha kukaa sebuleni baada ya magharibi. “Mwanangu,” aliniambia, “humu ni kama nipo wodini nasubiri kuitwa jina.” Tukacheka, tukalichukulia kuwa ni neno la mtu mzima aliyezoea chemli. Hatukutilia maanani kwamba kila alipopita alizima taa, wala kwamba usiku alikuwa akienda msalani kwa kupapasa ukuta. Usiku mmoja alijikwaa kwenye ndoo iliyoachwa koridoni, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa na bandeji gumu wiki sita.

Nilipomuuliza mbona hakuwasha taa ilhali swichi ipo mlangoni pake, alinijibu kwa upole ulionichoma kuliko lawama: “Nikiiwasha ndiyo sioni kabisa, baba. Inanipiga machoni, mpaka nisimame nisubiri. Giza nalijua zaidi.” Kumbe mwanga nilioununua kwa ajili yake ndio uliomfanya achague giza. Siku hiyo ndipo nilipolitafuta boksi la balbu nikasoma, kwa mara ya kwanza maishani, maandishi madogo ya ubavuni. Yalisema 6500K.

Herufi hiyo K ni ya kelvini, kipimo cha joto kilichopewa jina la mwanafizikia Lord Kelvin. Inatumika kwenye taa kwa sababu ambayo mhunzi yeyote wa kijijini angeielewa pasipo darasa. Chuma kikianza kupata moto hutoa mwanga mwekundu. Kikizidi huwa cha rangi ya chungwa, kisha njano, kisha huelekea weupe. Kama kingeweza kuzidishiwa moto pasipo kuyeyuka, kingefikia weupe wenye buluu ndani yake. Wanasayansi waliichukua ngazi hiyo ya rangi wakaifanya rula: rangi ya taa hutajwa kwa kutaja joto la kitu ambacho kingewaka kwa rangi ile. Hii haina maana kwamba balbu yenyewe ina joto hilo. Hapo ndipo penye kinyume kinachowachanganya wengi: kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyozidi kuwa wa buluu, ule ambao macho yetu huuita wa baridi, kadiri inavyoshuka, ndivyo unavyokaribia moto wa jikoni.

Mwali wa mshumaa uko kwenye kelvini kama 1900, na kibatari hakiko mbali na hapo. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa karibu 2700. Taa nyingi za maofisini huwa kati ya 4000 na 5000. Nilichomfungia mama, 6500, ni mwanga wa mchana kweupe chini ya anga lenye mawingu. Kwa maneno mengine, nilimwanikia mzee wangu mchana wa saa sita ndani ya usiku wa saa sita.

Hapana budi kueleza kwa nini jambo hili si la ladha peke yake. Taa nyeupe ya LED huanza na kijichipu kinachotoa mwanga wa buluu, ambacho uvumbuzi wake uliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu yake hupakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano, na mchanganyiko wake ndio weupe tunaouona. Unga ukiwa mchache buluu hubaki nyingi, namba ya kelvini ikapanda. Nayo macho yetu, mbali na chembe za kuonea, yana chembe nyingine zinazoguswa mno na buluu, ambazo kazi yake ni kuuarifu ubongo kama kumekucha au kumekuchwa. Mwanga mkali wenye buluu nyingi, ukitangulia usingizi kwa saa kadhaa, huuambia mwili kwamba jua halijatua. Sisi tulio karibu na ikweta giza hutuingilia mapema mwaka mzima, na jua likizama halichelewi kupotea. Kwa hiyo kila siku ya Mungu taa ndiyo inayoamua saa zetu nne au tano za mwisho.

Kwa mzee mambo ni mazito zaidi. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosonga, na mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni pungufu sana kuliko ule wa kijana wa miaka 20. Hapo nilikuwa sahihi: mama alihitaji mwanga zaidi. Lakini ukungu wa mtoto wa jicho huutawanya mwanga kabla haujafika mahali pake, ukawa pazia jeupe mbele ya macho. Alihitaji mwanga wa kutosha uliofunikwa vizuri, unaoanguka sakafuni na mezani, usiomrukia usoni kutoka kwenye balbu tupu iliyoning'inia darini.

Sitaki nionekane nawabeza wanaopenda taa nyeupe, maana wana hoja. Balbu nyeupe mara nyingi hutoa mwanga kidogo zaidi kwa wati ileile, na kwa anayehesabu yuniti za LUKU hilo si dogo. Aidha, weupe una historia kwetu. Njano ni kibatari, ni moshi puani na daftari lenye masizi. Nyeupe ilikuwa karabai ya harusini, kisha taa ya mrija ya ofisi ya wilaya na ya hospitali. Aliyevuka kutoka huku kwenda kule hawezi kulaumiwa akiuona weupe kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Wapo pia wanaosema njano inaleta joto chumbani, na kwa joto la Dar es Salaam naielewa hofu yao. Ila joto lile lilikuwa la balbu ya waya, iliyopoteza sehemu kubwa mno ya umeme wake kwa kupasha hewa. LED ya njano haina kosa hilo. Tunaihukumu kwa dhambi ya marehemu mjomba wake.

Basi nilianza upya, safari hii nikiuliza chumba kwa chumba: hapa panafanyika nini, saa ngapi, na nani? Sebuleni na vyumbani mwa kulala nimefunga 2700. Jikoni nimeweka 4000, kwa maana anayechambua mchele na kushika kisu anahitaji kuona bila kubahatisha. Mezani wanaposomea watoto nimeweka taa ya 4000 yenye kifuniko, nao huizima wakimaliza ili saa ya mwisho kabla ya kulala iwe ya mwanga wa sebule. Barazani nimeweka njano hafifu, na kumbikumbi wa masika wamepungua, kwa kuwa wadudu wengi huvutwa zaidi na buluu. Koridoni nimefunga kitaa kidogo cha njano, chini karibu na sakafu, kinachowaka usiku kucha kwa umeme usiofikia wati mbili. Hicho ndicho mama alichokuwa akikihitaji tangu siku ya kwanza, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya balbu zote 12.

Nimejifunza pia kusoma boksi. Wati ni umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni: balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, ambazo LED huzitoa kwa wati 8 hadi 10. Kelvini ni rangi ya mwanga. Halafu kuna Ra, inayoonyesha jinsi taa inavyozitendea haki rangi za vitu: jua na balbu ya waya hupewa 100, nyumbani 80 inatosha, na panapohitajika kutambua rangi ya ngozi, kitambaa au nyama, 90 ni bora.

Ni katika kuzisoma namba hizo nne ndipo nilipokumbuka la kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya zabuni katika taasisi moja ya umma. Mezani paliletwa ununuzi wa balbu kwa majengo yote: ofisi, mabweni ya wanafunzi, zahanati na maegesho ya magari. Vigezo vya kiufundi vilikuwa mstari mmoja: LED, wati 9, nyeupe. Hakuna aliyeuliza lumeni, kelvini wala Ra. Hakuna aliyeuliza kama muuguzi anayechunguza macho ya mtoto mchanga aone kama yameingia umanjano, na mlinzi wa getini, wanahitaji mwanga mmoja. Tulibishana kwa saa nzima juu ya bei. Mzabuni wa chini akashinda, nami nikatia sahihi nikiamini nimelinda fedha ya umma. Mwanafunzi anayejifunika kanga usoni ili apate usingizi katika bweni linalowaka kama uwanja wa mpira hakuwa na mjumbe pale mezani. Namjua, kwa sababu hunisinzilia darasani saa mbili asubuhi, na mara nyingi nimemwita mvivu.

Enyi watumishi wa umma mnaonisoma, nawaambia jambo hili kama mwenzenu, si kama hakimu. Vigezo vya manunuzi ndipo mahali ambapo serikali huonyesha kama inamjua mtu inayemhudumia. Kuongeza mistari mitatu katika hati ya zabuni hakuhitaji sheria mpya. Wala si anasa ya wasomi: mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ushauri kwamba taa za barabarani za LED zisizidi kelvini 3000, baada ya miji mingi kukimbilia zile nyeupe kali. Sisi tunaoendelea kufunga taa katika barabara na vijiji vyetu tuna nafasi ya kuanzia pale wenzetu walipofikia baada ya kukosea.

Nanyi wanaharakati, ambao aghalabu tunazungumza juu ya haki ya kupata taarifa kana kwamba taarifa zote zimefungiwa makabatini ikulu, hebu litazameni boksi la balbu. Taarifa imo, imechapwa, inauzwa hadharani. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Muuzaji wa Kariakoo ameifupisha kwa maneno mawili kwa sababu hakuna aliyempa ya tatu. Mstari mmoja wa Kiswahili, “kwa chumba cha kulala” au “kwa kazi za mchana”, ungemfaa bibi wa kijijini kuliko warsha zetu nyingi.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka jana. Jioni ya siku tuliyomtoa kitambaa alikaa sebuleni, akatazama ukuta, akaniuliza kwa mashaka: “Mmerudisha zile taa zako?” Hatukuwa tumebadilisha chochote. Lenzi yake mpya haina umanjano wa ile ya zamani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa akiiona buluu. Alifumba jicho moja, akafumba la pili, akarudia tena na tena kama mtoto aliyepata mchezo. “Hili linaona nyeupe,” akasema, “na hili linaona njano. Sasa nani kati yao mkweli?”

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza kama tubadilishe taa. Akafikiri kidogo, akasema sebuleni tuache kama palivyo, ila pale anapokaa kushona tumwekee nyeupe kidogo, na kile kitaa cha koridoni asikiguse mtu.