Taa za Kiyindi na Lenzi Izifaayo

Kiyindi ni mwalo mashuhuri wa dagaa, ambao wenyeji huwaita mukene, katika Wilaya ya Buikwe, nchini Uganda. Mbele yake, ndani ya Ziwa Victoria, viko visiwa vya Buvuma. Ikweta haiko mbali, hivyo jua huzama karibu na saa moja ya jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi.

Ndipo mitumbwi husukumwa majini. Zamani wavuvi walitegemea karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa nguvu za jua. Dagaa huufuata mwanga, na wavu huwazoa. Kwa mtu aliye ufukoni, taa hizo huonekana kama mji ulioota juu ya maji.

Mandhari hayo humvutia kila mwenye kamera. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa vyema, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Basi mpiga picha hana budi kufika katika usiku wa giza, wakati nuru ni haba kabisa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa kazi hii hupoteza fedha. Aghalabu hununua lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kisha akarudi nyumbani na picha zilizovurugika. La kutazama kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, ambao huandikwa juu yake kwa tarakimu. Tarakimu ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa. Tundu la f/1.8 hupitisha nuru karibu mara 10 ya tundu la f/5.6, ambalo ni la kawaida katika lenzi ndefu za bei nafuu.

Stendi ya miguu mitatu huituliza kamera, wala haiwezi kuutuliza mtumbwi unaosukwa na mawimbi. Tundu kubwa huiwezesha kamera kufunga upesi kabla mtumbwi haujasogea. Kwa anayeanza, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 yatosha, ni miongoni mwa zile za bei ya chini, na nyumbani itapiga picha za watoto kwa mwanga wa taa moja.

Kamera ilengwe kwenye taa ya mtumbwi, si gizani. Na kabla ya yote, wavuvi waombwe ruhusa.