Kuzorota na Kuzorotesha

Maneno ya Kiswahili yatajayo hali ya kurudi chini ni mengi, wala hayalingani. Kuanguka ni jambo la mara moja. Kudidimia ni kuzama polepole. Kupwa ni kuondoka kwa maji ya bahari, ambayo hurejea kwa saa yake. Kuzorota ni kupungua nguvu au ubora kidogo kidogo, hali kitu chenyewe kingalipo. Afya huzorota, biashara huzorota, masomo huzorota, maiti haizoroti. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna huzuni, lakini mna tumaini pia, maana kilichozorota chaweza kutengenezwa.

Hata hivyo neno hili lina hila moja: husimama bila mtenda. Asemaye kwamba shule imezorota hakumtaja aliyeizorotesha. Ndivyo ilivyo kwa kudhoofika na kudhoofisha, kuanguka na kuangusha, kudidimia na kudidimiza. Mwisho wa kitenzi ndio utengao msiba na kosa. Bahari hupwa pasipo mtu wa kulaumiwa. Miji haina udhuru huo.

Mfano mwema ni Kilwa. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, akausifu kwa uzuri wake. Dhahabu ya Sofala ilikuwa imeutajirisha. Katika karne ya 15 wakubwa waligombea utawala, na nguvu za mji zikazorota. Kwa haki zaidi, wakubwa hao walizizorotesha. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia, wakaupora, wakajenga ngome. Mwandishi asemaye kwamba mwaka huo Kilwa ilianguka amesema nusu ya kweli. Kilwa iliangushwa. Wala haikufa: katika karne ya 18 iliinuka tena kwa biashara ya pembe na watumwa, na hapo pia yafaa kuuliza ni nani walioinamishwa ili mji uinuke.

Basi mwanafunzi aandikaye juu ya mji, shule au lugha iliyozorota na ajiulize, kabla ya kutia nukta, kama mtenda ajulikana. Asipojulikana, kuzorota ni neno la adabu na latosha. Akijulikana, neno lilo hilo huwa pazia, na anayelishika pazia hilo ni mwandishi.